Ujumbe wa Chuo Nilioukalia

Mjukuu wangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Ukimpa kuku atamchinja vizuri, atamnyonyoa, atampasua, halafu anasimama. Anafuta mikono kwenye kanga yangu mimi, anachukua daftari na penseli, anaanza kuchora. Atachora firigisi, ini, utumbo, kifuko cha nyongo, na yale mayai madogo ya njano ambayo bado hayajapata ganda. Kila kitu anakiandikia jina pembeni kwa herufi ndogo. Maji yanachemka, vitunguu vinaungua, mimi nimesimama na mwiko.

"Mke mwenzangu, huyo kuku tunamla au tunamzika?"

"Dakika mbili, bibi. Nikimkata vipande mpangilio unapotea."

"Basi utakula mpangilio. Mimi nataka nyama."

Tuliishi hivyo, wawili tu, hapa Nanyala, karibu na barabara kuu. Mama yake alikuwa mwanangu wa mwisho. Alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Matanga yalipoisha nilimfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, nikaondoka naye mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Baba yake hakuthubutu pia. Mwaka haujaisha akaoa mwingine, akahamia Iringa kuchomelea mageti. Alikuwa akituma vifurushi kwa basi, viatu, sweta, madaftari. Kifurushi cha kwanza nilimrudishia kondakta. Vilivyofuata nilivipokea, kwa sababu miguu ya mtoto inakua, lakini sikuwahi kupeleka neno la asante.

Mtoto alipomaliza kidato cha sita, swali likawa chuo. Alikuwa amesoma sayansi na matokeo yake yalikuwa ya kati. Mwalimu mmoja alimwambia achague: kama ni sayansi ashike sayansi, kama ni kuchora akachore vichwa vya watu kwenye kuta za saluni. Alirudi nyumbani kanuna siku mbili. Mwalimu mwingine, mgeni, akamwambia vyuo vya kusoma vyote viwili vipo, ila vingi ni ghali, atafute kwa utulivu.

Basi tukatafuta. Ilikuwa mwezi wa saba, kahawa inaiva. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kusoma nasoma, polepole, kidole chini ya neno. Mambo ya mtandao siyajui, lakini kununua najua. Sinunui jembe ambalo sijaligonga, wala mbegu ambayo sijaimwaga kiganjani. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba chuo nacho nitakishika kabla ya kukilipia. Akacheka, lakini alipoona nimevaa viatu vya kanisani akaacha.

Tulianza na chuo kimoja cha binafsi Mbeya. Tangazo lake lilikuwa kubwa, lina picha ya msichana kashika brashi mkono huu na chupa ya maabara mkono ule. Mapokezi tulimkuta kijana ana tai.

"Karibuni. Kozi zote tunazo, mama. Sanaa, sayansi, kompyuta, hoteli."

"Chumba cha kuchorea kiko wapi?"

"Kipo. Ila leo mwenye funguo hayupo."

"Dirisha lake lipo?"

Kijana akamtazama mjukuu wangu kama anaomba msaada. Mjukuu wangu akatazama dari. Nilizunguka nyuma mwenyewe, nikachungulia. Ndani kulikuwa na mifuko ya saruji na viti vilivyovunjika miguu. Kisha nikaenda jikoni, kwa sababu mpishi wa chuo hana sababu ya kukudanganya. Nikamuuliza wanafunzi wa kuchora ni wangapi. Akageuza mwiko, akasema, "Wa kuchora? Mama yangu, hapa nawajua wa hoteli tu, wale wanaokuja kunisumbua." Ada yao ya mwaka ilikuwa inataka kahawa yangu ya misimu miwili. Tukaondoka. Njiani mjukuu wangu alikuwa ananiiga, "Dirisha lake lipo?", mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Zikabaki sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo cha uuguzi, upande huu huu wa kwetu, karibu kiasi kwamba angeweza kulala nyumbani kila Jumamosi. Bei yake tungeimudu. Kuchora hakuna. Ya pili ilikuwa chuo cha ualimu cha serikali, Iringa. Pale angesoma baiolojia na uchoraji kwa pamoja, atoke mwalimu wa vyote viwili. Ada ilikuwa ndogo kuliko zote. Ila wa kozi ile bweni hawapati, wanapanga mtaani, na kupanga mtaani ndiko kulikozidi uwezo wangu.

Tulikuwa tunachambua kahawa aliposema. Hakuninyanyulia macho.

"Iringa yupo baba."

Niliendelea kutoa buni mbovu, na nadhani na nzuri nilitoa, maana mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Tukaenda Vwawa kwenye duka la steshenari kujaza maombi. Dada wa pale akauliza namba ya simu. Laini ya mjukuu wangu ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu na simu yake ilikuwa imekufa kioo, tukaweka namba yangu. Mjukuu wangu akajaza Iringa ya kwanza, uuguzi wa pili. Nilimwona akijaza. Nilijisemea Iringa hawatamchukua.

Walimchukua.

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa shambani, mtoto kaenda kusaga. Niliweka ndoo chini, nikasoma kidole kikiwa kwenye kioo cha simu. Nikasoma mara tatu. Ulisema amechaguliwa vyuo vyote viwili, na athibitishe kimoja kabla ya tarehe waliyoitaja. Zilikuwa siku kumi. Miti ya kahawa kwangu imepandwa kwa mistari, na mtu akisimama katikati haonekani kutoka barabarani wala nyumbani. Nilikaa pale, kwenye majani makavu, muda ambao siwezi kuueleza. Nilikuwa naona nyumba. Niliona mlango, jiko, kitanda chake, na mimi nimebaki humo ndani nasikia malori yanayokwenda Tunduma.

Jioni nikamwambia, "Umepata uuguzi."

"Na Iringa?"

"Iringa sijaona kitu."

Niliitazama sufuria nilipokuwa nasema. Hakuuliza mara ya pili. Nilivyomlea, mkubwa akishasema, hauulizi mara ya pili. Alinyanyuka akaleta kuni, akazipanga vizuri kuliko siku zote.

Nataka niliseme hili sawasawa, kwa sababu kanisani watu hunisifu kuwa nilimsomesha mjukuu peke yangu. Siku zile nilikuwa mwizi. Simu niliiweka kifuani ndani ya kanga, nikilala iko chini ya mto. Ikilia nastuka. Nilijitetea kwa kila namna. Kwamba uuguzi ni kazi nzuri. Kwamba Iringa kuna baridi na mtoto huyu ana kifua. Kwamba mama wa kambo ni mama wa kambo. Na zaidi ya yote nilishika mila. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno likitaka kupita kati yao linapitia kwa mtoto. Sasa mimi ningeendaje kwa yule mwanaume kuomba chumba? Mila hairuhusu. Miaka kumi na nne nilikuwa nimejificha nyuma ya mila hiyo, na ilikuwa imenifaa sana, kwa sababu watu waliniona mwenye heshima wakati nilikuwa mwenye chuki.

Siku ya saba Jumapili ilifika. Wageni wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanakuja kula, nikampa mjukuu wangu kuku. Akachinja. Akanyonyoa. Akapasua, akakata vipande, akatia kwenye sufuria, akaosha kisu. Nilikuwa nimesimama na mwiko wangu, nimeshaandaa la kumwambia.

"Leo hauchori?"

"Kwa nini nichore, bibi?" Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuuliza kwa nini afungue mwavuli na mvua hakuna. "Wauguzi hawachori."

Wageni walikula wakashiba, wakaimba, wakaondoka. Tulipobaki wawili nikatoa simu kifuani, nikaiweka mezani mbele yake, ujumbe ukiwa wazi. Alisoma kwa haraka kama wanavyosoma wao. Kisha akaangalia tarehe ujumbe ulipoingia. Kisha akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa vile na mtoto.

"Ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Nilitegemea alie au anitukane. Angenitukana ningenyamaza. Yeye akavuta kiti, akakaa, akauliza kitu kimoja tu: "Siku zimebaki ngapi?" Tatu. Akabonyeza namba za kuthibitisha Iringa zilizokuwa kwenye ujumbe, akatuma, akanirudishia simu. Usiku ule hakuniambia lala salama.

Likabaki suala la chumba. Nikamwambia ampe baba yake taarifa, kwamba kwake nitampeleka mimi mwenyewe.

"Mila je?" akauliza. Kulikuwa na kejeli kidogo, na nilistahili.

"Mila itapanda basi na mimi."

Tulishuka Iringa mchana, upepo wa baridi, nimejifunika kanga mbili. Mkwe wangu alikuwa kwenye kiwanja chake cha kuchomelea, mbele ya nyumba. Aliponiona alitupa kile kioo chake cheusi cha usoni akageuka, akatazama ukuta, kama inavyotakiwa. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikatazama upande wa barabara. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. Hilo niliwahi kuliona kabla hajageuka. Mjukuu wangu akabaki katikati yetu, na begi lake.

"Mwambie baba yako tumefika salama."

"Baba, bibi anasema tumefika salama."

"Mwambie bibi nashukuru. Mwambie nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema."

"Bibi, baba amefurahi."

"Mwambie sikuja kufurahisha mtu. Nimekuja kuona chumba. Kina kufuli?"

"Baba, bibi anauliza hali ya nyumbani na anasema chumba kikiwa na kufuli atashukuru."

"Sijasema hivyo!"

"Mwambie bibi," mkwe wangu akauambia ukuta, na niliona mabega yake yanacheka, "kufuli lipo, na nikipenda naweza kuchomelea mlango wa chuma."

"Mwambie mtoto hafungiwi kama mbuzi."

"Baba, bibi anasema mlango wa mbao unatosha."

Mke wake alitoka. Mwanamke mfupi, mnene, mikono ina unga. Alipiga goti kunisalimia, goti zima chini, akamchukua mjukuu wangu kwenda kumwonyesha chumba. Alikuwa ameshampigia deki. Wakaingia ndani, na sisi wawili tukabaki nje bila mtu wa kubeba maneno.

Pikipiki ilipita. Mkwe wangu akakohoa, akaligeukia geti alilokuwa analichomelea, akaanza kuzungumza nalo. Kwetu inaruhusiwa. Ukikosa mtoto unaongea na kitu.

"Geti," akasema, "ungekuwa na mdomo ungemwambia mama kwamba sikumsahau mwanawe. Niliogopa nyumba tupu. Hilo tu. Nilioa kwa woga."

Nikanyanyua macho nimtazame mgongo, kumbe macho yakaangukia sakafu. Pale chini kwenye saruji kulikuwa na mchoro wa chaki, mkubwa kama mkeka. Ulikuwa mchoro wa geti alilokuwa analitengeneza. Tawi la mti lililopinda, majani, na kila jani lina mishipa yake imechorwa mpaka ile midogo, na pembeni vipimo vimeandikwa kwa herufi ndogo. Niliyajua yale majani. Nilikuwa nimeyaona kwenye madaftari nyumbani kwangu miaka yote, yana mkono ule ule, mishipa ile ile, herufi zile zile za kubanana. Mimi nilikuwa nikidhani kila kilichomo ndani ya mtoto yule nimekitia mimi.

Nilijisikia baridi ambayo haikuwa ya Iringa. Kisha nikafanya jambo ambalo mama yangu angenipigia. Nikaongea naye moja kwa moja.

"Baba."

Akashtuka. Hakugeuka, lakini akaacha kushika geti.

"Mtoto huyu akianza kuchora haisikii sufuria. Itaungua. Msimwite. Itoeni sufuria wenyewe."

"Ndiyo, mama," akaliambia geti. "Tutaitoa."

"Na mimi pia niliogopa," nikasema. Zaidi ya hapo sikuweza.

Nilikataa kulala. Hilo nililishikilia, mama mkwe halali kwa mkwe wake, nikasema kanisa langu lina mkutano kesho, wakati hakukuwa na mkutano wowote. Mjukuu wangu alinisindikiza kituoni. Alinishika mkono mpaka mlango wa basi, jambo ambalo hakulifanya tangu ile Jumapili. Nilimwambia avae sweta. Akaniambia, "Na wewe ule, mke mwenzangu. Usiwe unakunywa chai tu." Basi likaondoka. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu mpaka Makambako, kisha akakaa mtu mwenye mfuko wa viazi, akalala.

Sasa ni mwaka wa pili yuko huko. Ada napeleka mimi, chakula na chumba ni vya baba yake, ndivyo tulivyoelewana. Watu wakiniuliza namna ya kuchagua chuo kwa mtu mwenye uwezo mdogo nawaambia waangalie kwa macho yao, wachungulie madirisha, waulize wapishi. Lingine siwaambii, lakini hapa naandika: jiulize kwanza unamchagulia nani. Mimi nilikuwa najichagulia mwenyewe.

Nyumba ni kubwa. Sikujua kuwa ni kubwa. Napika ugali wa watu wawili, mkono haujajifunza, na unaobaki nampa mbwa wa jirani, ambaye sasa anakuja kabla sijaepua. Naongea peke yangu, kwa sauti, na mama mmoja wa jumuiya alinikuta siku moja nakisuta kiti kwa kuwa katikati ya njia. Nikamwambia nafanya mazoezi ya sala. Siku nyingine sisemi neno lolote mpaka jua linazama, na nikija kusalimiwa sauti inatoka na kutu.

Jumapili hupiga simu. Ananieleza wanachokata maabara na wanachochora karakana, panzi, jicho la ng'ombe, udongo wa mfinyanzi wa kuumba mkono wa mtu na misuli yake. Sielewi nusu yake. Namwachia aongee.

Mwezi uliopita alipiga siku ambayo si Jumapili. Likizo ilikuwa imekaribia, na nilikuwa nimeshatandika kitanda chake, nimenunua na mafuta ya taa na sukari. Alizunguka zunguka, akauliza kahawa, akauliza mgongo wangu.

"Sema," nikamwambia.

"Bibi, kuna mwalimu anatengeneza michoro ya mimea ya vitabu vya shule. Amechagua wanafunzi wawili tu wamsaidie likizo nzima. Mmoja ni mimi. Lakini nikikaa siji nyumbani mpaka mwezi wa kumi na mbili." Kisha haraka, "Naweza kumkatalia. Hajanilazimisha."

Nilisikia huko kwao mtu anagonga chuma.

"Kaa," nikasema. Nilisema upesi, kabla moyo haujapata muda wa kutafuta neno jingine.

"Kweli, bibi?"

"Nimeshasema."

Akashukuru, akacheka, akasema atanitumia picha kwenye simu ya jirani, kisha salio likaisha. Ilikuwa saa kumi tu. Nikachukua ndoo nikaenda bombani kuchota maji, ingawa ndoo zote za ndani zilikuwa zimejaa.